Nimejaribu mkeka wa mazoezi ya kuputi gofu, ule wa kurekebisha miteremko, wiki sita sebuleni Ntinda, Kampala. Niliyoyaona ni haya

#1 PutiTatu

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, chemsha chai kwanza.

Wanaonifahamu wanajua hili jina sikulipewa bure. Handikapu yangu, yaani mapigo ninayozidisha juu ya kiwango cha uwanja, ni 19 na sehemu kubwa ya hizo 19 naziacha kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Draiva haina neno, fimbo za chuma zinanisitiri, lakini nikishakuwa mita nane kutoka shimoni kedi wangu, anayenibebea mfuko, anaanza kutazama saa. Puti ya kwanza, yaani pigo la kusukuma mpira shimoni, inapungua, ya pili inapitiliza, ya tatu ndiyo naokota mpira huku nimeinamisha kichwa.

Machi mvua zilipoanza Kampala, kila nikitoka kazini saa kumi na moja uwanja umejaa maji. Nikaamua kuagiza mkeka wa kuputi, ule wa kurekebisha miteremko. Sitaji chapa, maana naona viwanda vingi vinatoa kitu kilekile. Urefu mita 3, upana nusu mita. Chini una vibao sita vya plastiki ngumu vinavyoungana, na kila kibao kina miguu minne ya skrubu. Ukikaza mguu, kona inapanda, ukilegeza, inashuka. Juu yake unatandika zulia la kijani lenye mistari. Mwisho wa mkeka kuna kipando kifupi, kisha mashimo mawili: moja kipimo halisi, jingine dogo la kujitesa. Mpira ukiingia unarudishiwa na mfereji wa pembeni.

Gharama, pamoja na ushuru, laki sita na ushee. Mzigo ulikaa kwa wakala wiki mbili, na ulipofika mfuko mmoja wa skrubu haukuwemo. Wakala akasema niulize muuzaji, muuzaji akasema niulize wakala. Nikaenda Katwe nikachongewa nyingine kwa bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai. Hapo tuyaache.

Wiki ya kwanza niliitandika sebuleni, sakafu ya vigae, miguu yote nimeikaza hadi mwisho ili mkeka uwe bapa. Napiga, mpira unakwenda kushoto. Napiga tena, kushoto. Mipira kumi, minane imepita kushoto mwa shimo. Nikabadilisha mshiko. Nikasogeza mguu wa mbele. Nikaangalia video hadi saa saba za usiku za watu wanaoeleza kwa nini uso wa fimbo unafunga. Siku ya tano nilishampigia jamaa mmoja nikamwambia puta yangu, fimbo ya kuputia, inauzwa.

Siku ya sita binti yangu wa miaka mitatu akamwaga uji. Kikombe kilianguka kando ya mkeka, uji ukasimama kidogo kama unafikiri, kisha ukaanza safari. Ulikwenda kushoto. Taratibu, bila haraka, sambamba kabisa na njia ya mipira yangu, hadi kwenye mlango wa roshani. Mimi nimesimama na fimbo mkononi, mama watoto anapiga kelele nilete tambara, nami siwezi kusogea.

Kesho yake nikaazima pimamaji kwa mafundi wanaojenga jirani. Sakafu yangu inateremka kuelekea roshani, nadhani mjenzi alitaka maji ya kudeki yatoke yenyewe. Kwenye upana wa mkeka, yaani sentimita 50, upande wa kushoto uko chini kwa milimita 6. Ukigawanya, huo ni mteremko wa asilimia 1.2. Unaonekana mdogo, lakini kwenye mkeka wenye kasi, kwa mita tatu, unatosha kuhamisha mpira karibu upana wa shimo zima.

Nililetewa mkeka wa kutengeneza miteremko, nikautandika juu ya mteremko nisioujua, nikajilaumu siku tano. Kwa hiyo la kwanza kabisa: ile miguu ya skrubu itumie kusawazisha kabla ya kuitumia kuinamisha. Kwenye karatasi ya maelekezo hakuna neno juu ya hilo. Kuna picha za mzungu anacheka.

Nina mengine kuhusu kasi na kile kipando cha mwisho, nitaleta kesho. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, umebaki uniti mbili.

---

#2 Kijiwe_Ntinda

Uji ndio kocha bora. Nimekaa hapa nasubiri.

---

#3 Mgeni_wa_Mbarara

Webale kwa uzi, ssebo. Swali la mjinga: sakafu ya kwangu ni saruji, haina vigae, na imepasuka. Huo mkeka utakaa? Na vile vibao vikiungana si mpira utaruka pale kwenye maungio?

---

#4 PutiTatu

@Mgeni_wa_Mbarara si swali la mjinga, lilinila jioni mbili. Ndiyo, unaruka. Maungio yako kila nusu mita, na kama kibao kimoja kimezidi mwenzake hata kwa unene wa kucha, mpira unadunda kidogo na kupotea njia. Hauuoni ukidunda, unausikia: *tk*.

Nilivyotibu: ondoa zulia, chukua sarafu ya mia tano, isukume kwa kidole juu ya vibao kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama kwenye ungio, kibao cha mbele kiko juu, legeza miguu yake robo mzunguko. Rudi kinyume, maana ungio linaweza kuwa laini ukienda na kukwama ukirudi. Ukimaliza, pimamaji tena kwa urefu na kwa upana. Dakika arobaini mara ya kwanza, sasa natumia kumi.

Saruji iliyopasuka haina shida, miguu ndiyo inayogusa chini. Ila usiweke juu ya kapeti nene. Ukikanyaga, kapeti linabonyea na mkeka unainamia upande uliosimama.

---

#5 Mama_Entebbe

PutiTatu mdogo wangu, pole kwa uji.

Mimi nacheza Entebbe, uwanja wa mwaka 1901 ule, na nimeshapitia mikeka mitatu tangu nianze. Nitasema kinachoniudhi: kurudishiwa mpira. Unapiga, unarudi, unapiga, unarudi, dakika kumi umeshapiga sitini, na hakuna hata mmoja uliousimamia nyuma ukautazama. Uwanjani nani anakurudishia? Unatembea, unainama, unaweka alama, unaufuta, unaupanga, ndiyo upige. Mkeka unakufundisha kufyatua.

Kwa nini usitumie sarafu? Hiyo mia tano yako iweke chini kwenye kapeti la kawaida, mita mbili, piga mpira uikanyage. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67 na sarafu ni ndogo kuliko huo. Mwezi mmoja ukiigonga sarafu, siku ukienda uwanjani shimo unaliona kama sufuria.

---

#6 PutiTatu

Shikamoo dada. Kuhusu mfereji umenigusa, nimeuziba kwa soksi tangu juzi. Sasa natembea kuufuata mpira, na kwa jioni napiga thelathini badala ya mia mbili.

Kuhusu sarafu nina neno. Kazi yangu ni hesabu, vumilieni.

Shimo ni milimita 108 kwa upana, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo ni sentimita 5.4. Uso wa puta ukikosea digrii moja tu, kwa umbali wa mita 3 mpira unakosea sentimita 5.2. Digrii moja! Yaani kwenye mita tatu bapa, digrii moja inakufikisha ukingoni kabisa, mbili umekwisha. Ndiyo maana hata wale wa PGA Tour, wanaokula kwa huo mchezo, kutoka futi 8 wanatia kama nusu, na futi 10 ni kama minne kwa kumi.

Kapeti la nyumbani halikupi hiyo digrii moja, kwa sababu manyoya yake yanausukuma mpira yenyewe. Ukikosa sarafu hujui ni wewe au ni kapeti. Mkeka uliosawazishwa una jibu moja tu: ni wewe. Naweka vijiti viwili vya tii, vile vya kuwekea mpira, mbele ya mpira, sentimita 30 hivi, mlango wa upana wa mpira na nafasi kidogo. Mpira ukigusa kijiti, sina wa kumlaumu. Wiki ya kwanza baada ya kusawazisha nilipita mlango mara 11 kwa 30. Wiki ya nne, 23.

Sasa lile la kasi nililoahidi.

Kuna chombo cha kupima kasi ya grini kinaitwa Stimpmeter. Alikibuni Edward Stimpson baada ya kuona grini za uwanja wa Oakmont, Marekani, kwenye mashindano ya US Open ya 1935 zikiwatesa watu, na USGA, chama cha gofu cha Marekani, wakaanza kuwapa wasimamizi wa viwanja mwaka 1978. Ni bapa la aluminiamu la inchi 36 lenye mfereji. Mpira unakaa kwenye kitobo inchi 30 kutoka chini. Unainua bapa taratibu, likifika kama digrii 20 mpira unachomoka wenyewe. Umbali unaotembea, kwa futi, ndiyo kasi ya grini.

Mimi sina hicho chombo. Kwa mafundi wa madirisha nikapata kipande cha aluminiamu chenye umbo la V. Inchi 30 kwa digrii 20 maana yake mpira unaanzia kimo cha sentimita 26. Shida: mkeka wangu ni mita tatu, mpira ungetoka nje. Ila kumbe tangu 2013 Stimpmeter mpya ina kitobo cha pili upande wa nyuma kinachotoa nusu ya umbali, kwa ajili ya grini zenye sehemu fupi tu iliyo bapa. Na mimi nikafanya nusu: mpira unaanzia kimo cha sentimita 13, kisha jibu nalizidisha kwa mbili.

Mkeka, kwa upande ulioandikwa mshale: mita 1.65 mara mbili, mita 3.30. Hiyo ni kama futi 10.8.

Jumamosi nikaenda na kile kibati kwenye grini ya mazoezi, saa moja kasoro, umande bado. Mlinzi akanitazama kama naiba. Mipira mitatu kwenda, mitatu kurudi, wastani mita 2.25. Futi 7 na nusu hivi.

Wakuu, nimetumia wiki hizi zote kufundisha mkono wangu kasi ya mahali ambapo sichezi.

---

#7 Kijiwe_Ntinda

Banange. Mtu mzima na kibati saa moja asubuhi.

---

#8 kedi_mstaafu

Nimesoma nikacheka mwenyewe ndani ya taxi, watu wakanigeukia.

Nimebeba mifuko Jinja miaka tisa kabla sijapata kazi nyingine. Mwenyeji wa Tororo mimi, Kiswahili changu cha mpakani mtanisamehe. Jinja ni pale ambapo sheria za uwanja zinakuruhusu kuondoa mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko. Wageni hudhani ni utani, mpaka uwaoneshe unyayo wenyewe.

Bwana PutiTatu, hilo la futi saba na futi kumi sisi hatukupima kwa kibati lakini tulilijua. Grini ya asubuhi yenye umande inakwenda pole. Jua likikausha inafunguka. Ikifika saa tisa nyasi zimeshakua tena, inaanza kushika. Mchezaji mmoja, shimo lilelile, asubuhi nasema "piga kwa nguvu", mchana nasema "iguse tu". Akanuna akidhani sijui kazi.

Na kuna mlalo wa nyasi. Hizi nyasi zetu za joto zinalala upande. Simama nyuma ya mpira, tazama: ukiona grini inang'aa, nyasi zimelala kutoka kwako kuelekea shimoni, mpira utateleza. Ukiona kijani kizito cha giza, zimelala kuja kwako, mpira utagoma. Ukitaka uhakika, tazama mdomo wa shimo. Upande mmoja umekatika safi, mwingine umechakaa na kukauka kidogo. Ule uliochakaa ndiko nyasi zinakoelekea, maana mizizi yake ilikatwa na shimo.

Mkeka hauna hayo. Sasa unajifunza nini?

---

#9 Mgeni_wa_Mbarara

Hapo kwenye mdomo wa shimo nimejifunza kitu leo. Miaka minne nacheza sijawahi kuambiwa.

---

#10 PutiTatu

@kedi_mstaafu kaka, umesema mkeka hauna mlalo, nikasimama nikaenda kuupapasa.

Unao.

Ukipitisha kiganja kuelekea shimoni ni laini kama nywele zilizochanwa. Ukirudisha kiganja, unakwaruza. Ndiyo maana kuna mshale! Nikaligeuza zulia, kichwa miguuni, nikapima upya kwa kibati: mita 1.20, mara mbili 2.40. Karibu futi 8. Ndiyo kasi ya kule ninakocheza, imekaa chini ya miguu yangu wiki hizi zote nami nimeilalia upande mbaya.

Hasara yake ni moja: yale matundu ya zulia sasa yako upande wangu, na upande wa shimo zulia limeziba. Nimekata kwa wembe. Dhamana, kama ilikuwepo, kwaheri.

---

#11 kedi_mstaafu

Haya, hapo nimerudi nyuma hatua moja. Kumbe nyasi za plastiki nazo zinalala.

Niongeze la kuutetea mkeka wako, kwa haki. Zamani kedi tulisimama nyuma ya mchezaji tukampanga: kulia kidogo, hapo, piga. Tangu sheria za 2019 hairuhusiwi. Mchezaji akianza kuchukua msimamo wake, kedi asiwe amesimama kwenye mstari nyuma ya mpira. Kwa hiyo wale tuliowazoesha kupangwa waliachwa uchi. Nilimwona mzee mmoja, handikapu 9, anageuka nyuma kunitafuta, mimi nimesimama kando naangalia ziwa. Mtu kama huyo, mlango wako wa vijiti viwili ungemsaidia kuliko mimi.

Ila kasi, sikiliza, inatoka miguuni. Ukitembea kutoka mpirani hadi shimoni, unyayo unakuambia kama grini ni ngumu au laini, kama unapanda au unashuka. Kuusugua uso wa grini kwa mkono au kuviringisha mpira kujaribu katikati ya mchezo ni kosa, lakini kutembea hakuna anayekukataza.

---

#12 NyumaYaMwaka

Gofu ni mchezo wa wenye pesa. Laki sita kwa kapeti? Watu wanatafuta ada.

---

#13 kedi_mstaafu

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mifuko yao. Jumatatu uwanja ukiwa mtupu tulicheza sisi, fimbo moja watu watatu. Kaa usome.

---

#14 Mama_Entebbe

Tusigombane. PutiTatu, nimekusikia kuhusu kapeti na nakubali nusu. Lakini ulisema utaeleza kipando cha mwisho, umekiruka.

---

#15 PutiTatu

Dada hasahau.

Kipando. Ili shimo liwe na kina, mtengenezaji ameinua mwisho wa mkeka. Kwangu ni sentimita 4 kutoka usawa wa zulia hadi mdomo wa shimo. Mpira lazima upande hiyo ngazi ndiyo uingie. Ukifika shimoni kwa upole, kama unavyotakiwa kufika, unapanda nusu, unarudi. Kwa hiyo unajifunza kupiga zaidi.

Zaidi kiasi gani? Hapa kibati kilinipa jibu bila fomula ngumu. Mpira ukishuka kutoka sentimita 26 unatembea mita 2.40 kwenye zulia lililogeuzwa. Nguvu ya kupanda sentimita 4 ni kama nguvu ya kushuka sentimita 4. Nne kwa ishirini na sita, mara 2.40: sentimita 37. Kwa upande wa kasi, 3.30, ni nusu mita. Yaani kila mpira niliousherehekea sebuleni kwa kuwa umepanda kidogo tu na kudumbukia, uwanjani ungekuwa umepita shimo kwa sentimita arobaini hadi nusu mita. Halafu hapo ndipo puti ya pili ya kurudi inapoanzia, na ya tatu.

Jumamosi ya wiki ya tatu ndivyo ilivyokuwa. Mashindano ya klabu ya mwezi, nilikuwa na puti 39. Thelathini na tisa, mtu aliyefanya mazoezi wiki tatu! Karibu zote zilipita shimo. Mwenzangu kwenye kundi akaniuliza kama nimekasirikiwa na mtu nyumbani.

Suluhisho langu: situmii shimo kabisa sasa. Nimeweka uzi mwekundu wa cherehani kukatiza zulia mita 2.20 kutoka mpirani, na mwingine sentimita 30 mbele yake. Mpira usimame kati ya nyuzi mbili. Usiposimama hapo, hata kama ulikuwa unaelekea shimoni, hauhesabiki. Mashimo mawili ya kiwandani, lile kubwa na lile la kujitesa, sasa anaweka binti yangu vifuniko vya soda.

Na kuhusu miteremko yenyewe, ile niliyoinunulia mkeka: naitumia mara moja kwa wiki. Upande mmoja naupandisha sentimita 1, kwa upana wa nusu mita ni asilimia 2, inatosha kabisa. Nilijaribu sentimita 3, mpira ukawa unaanguka nje kwenye vigae na kwenda chini ya kabati. Ni mchezo wa kufurahisha wageni. Faida niliyoiona kwenye asilimia 2 ni moja: unapiga puti ileile kwa nguvu tatu tofauti na unaona mstari ukibadilika. Ya pole inakata sana, ya nguvu inakata kidogo. Nililisikia hilo miaka yote, lakini kuliona mara tatu mfululizo kwenye zulia moja ni kitu kingine.

---

#16 FundiNdeeba

Wakubwa, mimi sichezi huo mchezo lakini binamu yangu alinitumia huu uzi akasema "hii ni kazi yako".

Nafanya mbao Ndeeba. Nilichoelewa: mnataka uso bapa, mrefu, unaoinama mkitaka, na shimo lisilo na kipando. Kipando kipo kwa sababu mkeka wao umekaa chini sakafuni, shimo halina pa kwenda. Inua kitu chote sentimita 12 tu kutoka chini, shimo linaingia ndani ya mbao, kipando hakihitajiki.

Plaiwudi ni futi nane kwa nne. Chana katikati kwa urefu, unapata vipande viwili vya sentimita 61 kwa 244. Viunge, una karibu mita 4.9. Chini fremu ya mbao, miguu ni boliti ndefu na nati, unazungusha kwa spana. Unene milimita 18, ya 12 itabonyea katikati mtu mnene akisimama. Zulia mtafute wenyewe, mimi sijui manyoya ya gofu.

Swali langu moja. Shimo ni kubwa kiasi gani?

---

#17 Mgeni_wa_Mbarara

Huyu fundi apewe uanachama wa heshima.

---

#18 Mama_Entebbe

Fundi, na mtu akitaka kusimama? Mkisimama kwenye vigae na mpira uko sentimita 12 juu, mtu anaputi kama anakata mboga mezani.

---

#19 FundiNdeeba

Nnyabo umeniwahi. Basi ubao wa kusimamia pembeni, kimo hichohicho, upana sentimita 60, kwa mita moja ya mwanzo. Unaufunga kwa bawaba, ukimaliza unaukunja.

---

#20 PutiTatu

Fundi, nakuja Jumanne na boda, nitakupata wapi hapo Ndeeba? Nitumie kwa inbox.

Mita 4.9 ndiyo iliyonimaliza nguvu. Kwenye tatu sijawahi kujifunza puti ndefu hata moja, na puti tatu zangu zinaanzia mbali. Sebule haitoshi lakini korido ya nje ina mita sita, mwenye nyumba ni mtu wa kusikiliza.

Ule wa laki sita siuzi. Utabaki kwa ajili ya mlango wa vijiti. Mashindano ya mwezi uliofuata, baada ya kuligeuza zulia na kuacha shimo, nilikuwa na puti 34. Puti tatu nilipiga mara moja tu, na hiyo kedi wangu aliniambia piga pole, sikumsikia.

Shimo: kipenyo milimita 108, kina angalau sentimita 10.

---

#21 FundiNdeeba

108 sina msumeno wake wa duara. Ila nina kipande cha bomba la maji taka la PVC, lile la inchi nne. Nje ni milimita 110, ndani nimepima sasa hivi, 104. Natoboa kwa nje, nalichomeka, linakuwa na mdomo safi.

---

#22 PutiTatu

Kwa hiyo shimo langu litakuwa dogo kuliko la klabu?

---

#23 FundiNdeeba

Milimita nne. Kama ni nyingi sema.

---

#24 kedi_mstaafu

Asiseme. Weka.

---

#25 FundiNdeeba

Sawa. Jumanne ukija njoo na pimamaji, langu liliazimwa na mtu wa vigae tangu Januari.